Maganda ya Mwaka Arobaini na Tatu

Selmer Brekhus alikuwa na kidole gumba ambacho watu wa mji mdogo wa Sorley walikiamini kuliko mizani ya ghala la ngano, na mizani hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia. Kidole chenyewe ukikitazama hakikuwa na ajabu yoyote. Kifupi, kinene, ukucha umepasuka tangu enzi za kulima kwa farasi. Lakini kilijua kazi. Ukimpelekea ganda la risasi lililokwisha kupigwa, alikisafisha kishimo cha kitakoni, akaisukuma fataki mpya, kile kikombe kidogo cha kuwasha baruti, ndani polepole kwa kile kidole, na hapo hapo akakupa habari yake. "Hili lina maisha matano mbele." Au, "Hili limekufa, liache lipumzike." Na lililokufa alilibana kwa koleo mpaka likawa bapa kama jani, asije mtu akaliokota na kujidanganya.

Kule hakuna aliyetupa ganda. Ganda la shaba likishalipuka halijaisha. Unaitoa fataki iliyoungua, unakwangua masizi, unatia fataki mpya, baruti, na kichwa cha risasi, linarudi kazini. Kinacholimaliza ni kile kishimo cha fataki. Kikilegea, fataki haishiki, na moto unarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Na nyuma ndiko kuliko na uso wa mtu.

Selmer aliyajua hayo kwa njia mbaya. Alipokuwa kijana, mdogo wake Palmer alimuuliza kama ameyaangalia maganda yote kabla ya kuyajaza, naye akasema ameyaangalia. Hakuwa ameyaangalia. Alikuwa na haraka ya kwenda dansi. Asubuhi yake moto ukamrudia Palmer usoni, na tangu siku ile jicho la kulia la Palmer likawa la kujua tu kama ni mchana au usiku. Palmer hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo Selmer alilolibeba zaidi. Basi alipojenga nyumba yake na kuweka meza ya kazi kule chini, kwenye chumba cha ardhini karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, aliweka sheria moja tu. Kwenye meza hii hatudanganyani. Ukiharibu, sema. Na aliyeharibu ndiye anayeponda.

Alikuwa na watoto wawili, Lowell na Marlys. Lowell alikuwa mwepesi wa bunduki na mzito wa meza. Ukimpa maganda kumi, akifika la nne ameshasikia gari fulani nje. Marlys ndiye aliyekaa. Tangu ana miaka tisa alikaa pale na bisibisi iliyonolewa ncha, anakwangua masizi kishimo baada ya kishimo, huku anavumisha nyimbo za kanisani bila maneno. Siku moja, akiwa na miaka kumi na mmoja, alimletea baba yake ganda moja kiganjani.

"Baba, nimeliharibu hili."

"Umeharibu nini?"

"Sijui. Lakini limekuwa vibaya."

Selmer akalitazama. Kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba hata yeye angeweza kulipita. Akampa koleo. Mtoto akalishika kwa mikono miwili, akasimama juu ya kigoda apate nguvu, akaliponda. Selmer alipanda juu kunywa kahawa akamwambia mkewe Borghild, "Yule wa kule chini ni mtu mzima." Borghild akasema, "Mtu mzima huyo amelala na soksi chafu jana," na mambo yakaishia hapo.

Marlys akakua, akawa mwalimu wa watoto wadogo katika mji wa jirani, akachumbiwa na kijana mpole aitwaye Gordon, harusi iwe Juni ya mwaka sabini na moja. Kiangazi cha mwaka sabini akaanza kuchoka. Akavimba shingoni. Wakampeleka hospitali kubwa, mwendo wa saa sita kwa gari, na akiwa huko ndani anavaa nguo zake, daktari akawaita wazazi kwenye chumba kidogo akafunga mlango.

Akawaambia ni saratani ya tezi, na imekwenda mbali. Watampiga sindano, lakini sindano hizo ni za kununua muda tu. Kisha akawaambia wasimwambie. Wakati ule madaktari wengi walikuwa hivyo. Alisema mgonjwa asiyejua ana matumaini, na matumaini ni nusu ya dawa. Wamwambie ni maambukizi ya tezi, yanataka uvumilivu. Borghild alilipokea neno lile kama agizo la madhabahuni. Selmer aliitikia kwa kichwa.

Ndani ya gari Marlys aliuliza kutoka kiti cha nyuma, "Haya, kasemaje?"

"Kasema ni tezi," Borghild akajibu.

"Tezi gani?"

"Tezi tu, mwanangu. Maambukizi. Utapigwa sindano, utachoka kidogo, halafu utapona."

"Baba?"

"Umemsikia mama yako," Selmer akasema, na hakutoa macho barabarani. Alijiambia kwamba kunyamaza si kudanganya, tena barabarani si mezani. Alijua kabisa kwamba anajibembeleza.

Marlys akarudi chumba chake cha zamani. Sindano zilimwondolea nywele kidogo kidogo, zikamtia ganzi kwenye vidole. Hakuisema ganzi hiyo. Alidhani ni baridi, maana Septemba kule upepo unaanza kung'ata. Akawa anadondosha vikombe. Borghild akawa anasema vikombe vyenyewe ni vya zamani, vina utelezi.

"Baba, nipe kazi," akasema siku moja wakati wa chakula. "Mama ananiweka dirishani kama chungu cha maua. Kesho ataanza kunimwagilia maji."

"Chungu cha maua hakibishani," Borghild akasema. "Kula viazi."

Kazi ilikuwepo. Lowell, ambaye sasa alikuwa na mke na shamba lake mwenyewe, alikuwa ameleta gunia la maganda ya jeshi. Novemba angepanda milimani, magharibi ya mji, kwa siku nne, kuwinda kulungu wakubwa wa kule, na nyama hiyo ndiyo ingelisha nyumba mbili majira yote ya baridi. Sasa, jeshi haliweki fataki hivi hivi. Likishaiweka hulibana duara la shaba kuizunguka, isichomoke. Ukitaka kutia fataki mpya lazima ulikwangue duara hilo kwa kekee ndogo ya mkono. Unazungusha mara tatu, nne, basi. Ncha za vidole ndizo zinazokuambia imetosha. Ukizidisha umekula ukuta wa kishimo, na shaba ikishakwanguliwa hairudi.

Marlys akaumwaga mzigo wote sakafuni, akakaa katikati yake na blanketi mabegani. Kila ganda la jeshi lina alama kitakoni, herufi za kiwanda na mwaka. Akayatenga ya mwaka arobaini na tatu, mwaka aliozaliwa yeye.

"Hawa ni rika langu," akamwambia baba yake aliporudi jioni kutoka ghalani, vumbi la ngano limejaa kwenye nyusi. "Na ni wa Denver wote. Nitamfanyia Lowell mia moja, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Akimkosa kulungu asisingizie risasi za mchanganyiko."

"Atasingizia upepo."

"Aah, kisingizio cha upepo alikimaliza mwaka jana."

Selmer alicheka. Ulikuwa msimu wa mavuno, malori yalipanga foleni ghalani tangu alfajiri, na yeye alikuwa akirudi nyumbani amechoka hajiwezi. Kwa hiyo Marlys alifanya kazi peke yake mchana, siku kumi na mbili, kidogo kidogo, akipumzika kila maganda matano. Borghild alimsikia kutoka jikoni akivumisha nyimbo zake, akafurahi, akadhani dawa inafanya kazi.

Jumamosi moja ya Oktoba, Marlys aliweka mezani mkebe wa kahawa uliojaa.

"Mia moja. Hesabu."

"Kazi yako siihesabu."

"Basi jaribu. Nataka nisikie kidole kinasemaje."

Selmer akakaa, akachukua ganda la juu, akasukuma fataki. Ikashika vizuri. La pili, ikashika. La tatu, fataki ikazama kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Haikugusa popote. Akachukua la nne, nalo vile vile. Akaligeuza kwenye mwanga wa taa kana kwamba anafuta vumbi, akaona kishimo kimeliwa upande mmoja, kimekuwa kama yai. Mkono ulioshika kekee haukujua unashika nini.

"Kinasemaje?" Marlys akauliza. Uso wake ulikuwa mwembamba, kitambaa cha maua kichwani, macho yanangoja.

Selmer alijua linalopasa kusemwa. Lilikuwa neno moja, alikuwa amelisema mara elfu kwa watu wa wilaya nzima. Lakini akisema zimelegea, ataulizwa kwa nini. Akisema ni vidole, ataulizwa tezi gani hii inayokula vidole. Na baada ya hapo hakuna mlango wa kujifichia.

"Kinasema hujasahau kazi," akajibu.

"Kwa hiyo zimeshika?"

"Zimeshika."

Marlys akapiga kofi moja dogo la furaha, akaenda juu kulala. Selmer alibaki pale akiyapima yote, moja baada ya jingine. Sitini na matatu yalikuwa yamelegea. Akayarudisha yote mkebeni, mabaya na mazuri, akauficha mkebe nyuma ya mitungi ya matango ya siki, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, kama mtoto aliyevunja sahani.

Kesho yake, kanisa lilipotoka, akaenda gereji kwa Rudy Pavlik. Rudy alikuwa fundi magari, Mkatoliki, mjane, na alipenda kusema kwamba Walutheri kama akina Selmer hata wakitaka kucheka wanapiga kura kwanza.

"Ati?" Rudy akasema, akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Selmer Brekhus anaomba maganda? Ngoja niwaite watu wa gazeti. Yako yamekwenda wapi, umeyala?"

"Nahitaji mia moja. Ya jeshi. Ya mwaka arobaini na tatu."

"Na mwezi je? Nikutafutie na siku?"

"Rudy."

Rudy akamtazama vizuri, akaacha utani. Selmer akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, habari ya vishimo, ya vidole, ya daktari. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina la ugonjwa kwa mdomo wake. Rudy akavuta kreti, akamkalisha.

"Mwambie mtoto," akasema.

"Daktari amekataza."

"Daktari hakai naye mezani."

"Borghild naye je? Borghild anaishi kwa hilo tu."

Rudy akavuta ndoo tatu za maganda kutoka chini ya benchi, wakapiga magoti wote wawili kwenye sakafu ya mafuta, wazee wawili na magoti yao mabovu, wakawa wanageuza kitako kimoja kimoja. "Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Huyu ni wa juzi, toka hapa. Arobaini na tatu, haya, karibu bwana." Selmer alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, na kichwani mwake kulikuwa na namba ile moja tu. Wakapata mia na tatu. Siku tatu mfululizo, saa ya chakula cha mchana, hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Rudy, akakwangua, akasafisha, akapima, mpaka kila kishimo kikawa sawa. Kisha akayang'arisha na kuyamwaga kwenye mkebe unaofanana na ule wa kwanza.

Jumamosi ya kujaza risasi Lowell alikuja asubuhi, akala pankeki saba, akashuka chini akipiga mluzi. Marlys alikuwa ameshawekwa kwenye kiti cha zamani cha mito karibu na tanuri, mkebe mapajani. Yeye anapitisha ganda, Selmer anatia fataki, Lowell anapima baruti.

"Nikimwangusha dume kubwa," Lowell akasema, "pembe zake nakuletea wewe, Marlys. Utundike darasani."

"Watoto watazitundikia makoti. Niletee ini."

"Ini nani anakula? Umeanza kuwa kama bibi."

"Bibi alifika miaka tisini na moja," Marlys akasema, "kwa hiyo usicheke ini."

Selmer aliinamisha kichwa kwenye kazi. Maganda kumi yalipita, kumi na tano. Kisha la kumi na sita halikuja. Akanyoosha mkono, akangoja. Alipogeuka, Marlys alikuwa amelishika ganda kwa viganja viwili, kama mtu anavyoshika kikombe, amelisogeza karibu na macho. Vidole vyake vilikuwa vimekufa lakini macho yalikuwa yale yale ya mwalimu anayejua nani amenakili kwa nani. Akaliweka pajani. Akachukua jingine, akaligeuza. Na jingine.

"Lowell," akasema, "Mama anakuita."

"Sijasikia."

"Panda tu. Ukifika atakuita."

Lowell akamtazama dada yake, akamtazama baba yake, akaweka chini kipimo cha baruti, akapanda ngazi bila mluzi.

"Hawa ni wa St. Louis," Marlys akasema.

Selmer akavua miwani.

"Mwaka ni ule ule, lakini herufi ni za St. Louis. Mimi niliyatenga ya Denver, Baba, nilikuambia. Wangu wako wapi?"

Hapo angeweza kusema yamechanganyika. Aliliona neno hilo limekaa tayari. Akainuka badala yake, akaenda nyuma ya mitungi ya matango, akaleta mkebe wa kwanza, akauweka mezani mbele yake.

"Mangapi?"

"Sitini na matatu."

"Niliyoharibu."

"Ndiyo."

Marlys akatazama mikono yake, akaikunja na kuikunjua. "Vidole havisikii," akasema. "Nilidhani ni baridi. Nikaona labda nikivaa glavu. Halafu nikasahau kujiuliza kwa nini tanuri likiwaka bado ni baridi. Nipe koleo."

"Hapana, mama. Acha nitafanya mimi."

"Aliyeharibu ndiye anayeponda. Nipe."

Akampa. Hakuweza kulibana kwa mkono mmoja, akatumia miwili, na koleo likateleza mara ya kwanza, na ya pili. Ganda la kwanza lilichukua muda mrefu, mpaka shaba ikalia kidogo na kulala. Likafuata la pili. Aliponda manne. Kwenye la tano pumzi ilimwishia, akabaki ameshika tu, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu. Selmer akaizungushia mikono ya binti yake mikono yake mwenyewe, wakabana pamoja. Wakaenda hivyo mpaka kumi na mbili. Kisha Marlys akaweka koleo chini.

"Siku ile uliniambia zimeshika," akasema. "Hapa hapa."

"Nilikuambia."

"Hujawahi kunidanganya hapa."

"Sijawahi."

"Basi si maganda. Wewe huwezi kudanganya mtu kwa sababu ya maganda." Alimtazama usoni, na Selmer akaona hofu yake, na ndani ya hofu akaona kwamba hatarudi nyuma. "Daktari aliwaambia nini mle chumbani?"

Juu yao sakafu ililia. Borghild alikuwa akitembea kutoka jiko kwenda kabatini, anasukuma chapati za viazi kwa ajili ya safari ya Lowell, na sauti yake ilisikika ikimuuliza Lowell kwa nini amesimama katikati ya mlango kama nguzo. Selmer alimsikiliza mkewe hatua tatu, nne. Kisha akasema.

Alilisema jina la ugonjwa. Alisema umekwenda mbali. Alisema sindano ni za muda tu, na kwamba daktari alikadiria mpaka theluji itakapoyeyuka, labda isifike hapo. Alisema hayo yote kwa sauti ile ile aliyowaambia watu habari ya maganda yao, maana hakuwa na sauti nyingine ya kusemea ukweli, na alipofika mwisho sauti ikavunjika, akakaa sakafuni karibu na kiti, akaweka paji la uso kwenye mkono wa kiti, akalia.

Marlys hakulia. Alishika kola ya shati la baba yake, akaishikilia. Tanuri likawaka, likazimika.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Tangu Agosti." Akavuta pumzi. "Na kila asubuhi anakuja kuniambia nimepata rangi mashavuni. Maskini."

Baadaye kidogo akasema, "Yale thelathini na saba yaliyoshika. Ni mazuri kweli?"

"Ni mazuri kweli."

"Unaona sasa itabidi nikuulize mara mbili mbili." Ilikuwa kama mzaha, lakini haikuwa mzaha. "Mpe Lowell hayo. Ya St. Louis mrudishie mwenyewe."

Borghild aliambiwa siku ile ile kwamba siri imekwisha, na Marlys mwenyewe, jikoni, mikono ya wote wawili ikiwa na unga. Selmer alikuwa nje anapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Mkewe alitoka mpaka kibarazani bila koti.

"Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja," akamwambia. "Kimoja tu. Na wewe umekwenda ukamnyang'anya."

Akaingia ndani. Tangu siku ile aliongea naye mambo ya nyumba tu. Chumvi imekwisha. Gari halina mafuta. Mtoto anataka mto mwingine.

Lowell aliangusha kulungu siku ya tatu, akaleta ini limefungwa kwenye gazeti, na Marlys alikula vijiko viwili akasema linatosha. Aliitumia miezi yake. Aliandika barua ishirini na mbili, moja kwa kila mtoto wa darasa lake, kwa penseli nene aliyoifunga kitambaa ili aweze kuishika; barua nne kwa siku, halafu mbili, halafu moja. Alimwambia Gordon yuko huru, Gordon akasema sawa, na Jumapili akaja kama kawaida, na Jumapili nyingine pia. Alichagua wimbo wa maziko yake. Alikataa gauni la buluu ambalo Borghild alilipenda, wakabishana, wakaishia kucheka mpaka Marlys akaishiwa pumzi na Selmer kule chini akainuka kwenye kiti. Yako mambo aliyoyalilia vile vile, usiku, na mlango umefungwa, na hayo hakumwambia mtu.

Alikufa mwisho wa Januari. Ardhi ilikuwa imeganda futi tano kwenda chini, na kule hakuna anayechimba kaburi wakati huo. Jeneza linawekwa kwenye kijumba cha mawe nyuma ya kanisa mpaka udongo ulegee. Kwa hiyo walikuwa wamempoteza lakini hawajamzika, miezi miwili na zaidi. Kila Jumapili waliegesha gari karibu na kijumba kile, wakaingia kanisani, wakatoka, wakapita tena karibu nacho. Selmer aliendelea na kazi ya ghala. Watu walimletea maganda yao, na yeye akawaambia, hili limekufa, hili bado, na wengine waliona kwamba siku hizi hashangilii hata lile zuri. Kila ganda alilolitia mkononi lilimuuliza swali moja. Ingekuwaje kama angesema zimelegea siku ya kwanza? Au kama asingeutaja ugonjwa kabisa? Na hapo kidole hakikumsaidia.

Walimzika tarehe kumi na nne Aprili, kwenye tope. Wanawake wa kanisa walipika viazi vya nyama na keki, watu wakala, wakanywa kahawa, wakaenda kwenye ng'ombe wao.

Nyumbani, Selmer alikaa mezani jikoni na suti yake bado mwilini. Borghild alisimama dirishani, amempa mgongo, kofia ya kanisani bado kichwani.

"Alilia?" akauliza.

Selmer hakuelewa kwanza. "Lini?"

"Siku ile. Kule chini. Ulipomwambia."

"Hapana. Mimi ndiye niliyelia."

Nje lori la Lowell lilikuwa likihangaika kutoka kwenye tope, magurudumu yanazunguka bure.

"Nilikuwa hapa hapa," Borghild akasema. "Nasukuma chapati. Nilikuwa juu ya vichwa vyenu."

"Nilikusikia."

"Ungeniita, Selmer," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa imechoka tu. "Ungeniita nishuke."

Selmer akavuta kiti cha pili kutoka chini ya meza. Borghild hakuja kukaa. Lakini alivua kofia, akaiweka juu ya kiti kile, akarudi kutazama nje, ambako Lowell alikuwa ameshuka kwenye lori na anaweka mbao chini ya magurudumu.

"Nenda kamsukumie mwanao," akasema. "Vua hiyo suti kwanza."